Plagi ya Saba

Ya saba hii. Naiinua kwenye taa ya jikoni
kama mganga wa meno anayelitazama jino bovu:
nyeusi, mbichi, inanuka petroli,
masizi yameganda pembeni ya kauri.
Jumatatu ilikuwa nyeupe kama chaki.
Jumatano imefia Barabara ya Jogoo,
mimi nasukuma, helmeti kwapani,
na muuza mahindi ananiuliza kama punda kagoma.

Sisi hamsini, ya mwaka wa sabini na mbili,
tangi la kijani lililobanduka rangi,
kiti kimeshonwa kwa kamba ya viatu.
Baba aliiendesha Changamwe miaka kumi na tisa,
vitabu vya hesabu vimefungwa nyuma, kwenda forodhani,
na hakuna siku, alisema, hata moja,
iliyomlaza njiani.
Ikapanda lori, ikaja Kaloleni
imebanwa katikati ya magunia ya nazi,
na tangu ishuke inakula plagi
kama mtoto anavyokula njugu.

Nimefanya kila nililoambiwa.
Nimebadilisha kondensa. Nimesugua platini kwa msasa
mpaka kucha zikang'aa.
Koili nimenunua Kirinyaga, ya kwanza nikauziwa
imekufa tayari ndani ya karatasi yake.
Nikapunguza oili kwenye petroli. Hapo nilikosea:
pistoni ikapiga yowe usiku wa Alhamisi,
majirani wakafungua madirisha,
nikairudishia oili yake, nikaiomba radhi.
Cheche ipo. Nimeiona mwenyewe gizani,
buluu, nyembamba, ikiruka kwenye chuma,
na mara moja iliruka kwenye kidole changu,
nikawataja watakatifu wote, hata wasio wa kwetu.

Kavutha wa Kariobangi hakushika spana.
Aliipokea plagi, akainusa, akauliza,
"Hii pikipiki ilikuwa inaishi wapi?"
Nikasema Mombasa.
Akacheka, si kwa dharau,
akafungua kabureta, akatoa kijipande cha shaba
kidogo kuliko kifungo cha shati,
tundu lake hata sisimizi angeingia kwa ubavu,
kichwani kimechorwa tisini na tano.
"Jeti ya pwani. Kule hewa ni nzito,
inatosha kuchoma petroli yote inayopita hapa.
Huku juu hewa ni supu ya mwisho wa mwezi.
Wewe unaipikia chakula cha watu wawili
na anayekula ni mmoja.
Itakosaje kutapika?"

Nikasimama na mafuta mikononi
nikikumbuka maharagwe.

Mwaka ule Baba alipokuja kwangu kutibiwa mguu,
kila jioni aliisukuma sahani:
"Binti yangu, hizi ni changarawe.
Mama yako kwa saa mbili angekuwa ameshayaivisha."
Nikayachemsha saa tatu, nne,
nikaongeza makaa, nikaongeza magadi,
nikalia juu ya sufuria kwa hasira.
Hakuna aliyetuambia, si yeye si mimi,
kwamba huku maji huchemka mapema,
hutokota na kelele zake zote
kabla hayajapata moto wa kutosha.
Aliondoka ameninunia kidogo.
Msibani hapana nafasi
ya kueleza mambo ya sufuria.

Kavutha akafunga jeti ya themanini,
shilingi mia tatu na hamsini, bila risiti.
Nilikwenda Ruaraka nikarudi, sijasukuma,
nikasimama kando ya barabara, nikaifungua plagi
ingali moto, ikinichoma hata ndani ya glavu:
kavu, kahawia,
rangi ya chai ya maziwa
ambayo, walau hiyo, hakuwahi kuilaumu.

Jeti ya zamani nimeiweka kwenye mkebe wa vifungo.
Taa ya nyuma haiwaki,
lakini hilo ni la wiki ijayo,
na maharagwe nimeyaloweka tangu jana.