Mlango wa Nyongo

Saa mbili asubuhi, Kisumu. Umeme umerudi.
Naweka vioo viwili chini ya hadubini:
kimoja cha ini zima, tunalohifadhi la kulinganishia,
kimoja cha namba 212, kimekatwa jana,
chembamba kuliko ganda la kitunguu.

Naanza na lile zima.
Rangi ya kahawia imetulia ukingoni mwa kila seli
kama mshono wa fundi asiye na haraka.
Hapo ndipo walipo vipokezi, mabawabu wa ini.
Damu ikipita, wamekwisha nyoosha mikono:
njoo wewe protini uliyechakaa,
uliyezunguka mwili mzima hadi sukari ikabaki wazi begani,
ingia, uvunjwevunjwe, uwe kitu kingine.
Hawaulizi kitambulisho. Wanapapasa sukari, basi.

Sasa 212.
Nazungusha lenzi. Nadhani nimekosea kupaka rangi.
Sikukosea.
Kovu limekata katikati
kama ua la ndugu waliogombania shamba,
seli zimejikunja visiwa visiwa,
kingo zao zimepauka, kahawia doa hapa, doa kule.
Waliochakaa wanabisha damuni,
wanazunguka, wanarudi,
hakuna wa kuwaitikia.

Na kilichoyaleta haya kiliingia kwa adabu.
Kirusi hakikuvunja kitasa.
Kilikuta mlango wa chumvi za nyongo,
ule usiokaukiwa na wapitaji,
kikapiga hodi kwa lafudhi ya wenyeji.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa.
Huyu alikuja labda kwa wembe, labda siku ya kuzaliwa,
akala, akalala, akazaliana,
na miaka thelathini mwenyeji hakujua ana mgeni.
Mambo yametumbukia nyongo, na leo si msemo.

Saa tano dirisha linagongwa.
Wafubwa, fundi baiskeli wa Kondele,
grisi kwenye kucha, manjano machoni,
mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne: 212.
"Dada, mmeshaona?"

Daktari ndiye wa kusema. Mimi ni wa kukata na kupaka.
Lakini mdomo, kwa mazoea, umekwisha funguka:
karibu.

Anakaa ncha ya benchi.
Anaitazama hadubini
jinsi anavyotazama gurudumu lililopinda,
akitafuta spoki ya kwanza ya kukaza.