Gurudumu la Nne

Pedeli ilizama kwenye mteremko wa Kalisizo
taratibu, kama mguu ndani ya kinamasi,
na gari likasimama pale lilipotaka lenyewe,
shubiri moja kutoka kwa ng'ombe wa watu.
Kesho ni Masaka: Nakimera anatoka wodini
na mtoto ambaye bado hana jina.

Breki haitolewi hewa na mtu mmoja.
Mmoja akanyage, mmoja alale chini na spana.
Kijana wa jirani amekwenda Kyotera kusagisha mahindi.
Tumebaki wawili: mimi, na mama aliyemzaa mke wangu,
ambaye kwa miaka sita nimemjua kwa kikohozi,
kwa harufu ya mchuzi wa karanga,
kwa pindo la gomesi likikata kona ya jiko.
Huku Buganda mkwe hatazami mkwe, wala hagusani naye;
anayevunja mwiko hutetemeka mikono hadi kaburini.
Na mimi mikono ndiyo shamba langu.

Nikasema na ukuta, kwa Kiswahili,
maana Kiganda changu kinachechemea
na Kisamia changu yeye hakijui.
Chake alikiokota Mutukula akipima maharage,
changu Busia, chini ya magunia.
"Ukuta, mwambie Mama nahitaji mguu."
Ukuta ulifikiri. Kisha ukajibu:
"Funika dirisha."

Nikatundika leso kwenye dirisha la dereva,
nikainua boneti, kioo cha mbele kikawa kipofu,
nikajificha migombani mpaka mlango ulipogonga.

Gurudumu la kwanza ni lile la mbali, nyuma kushoto.
Mrija mwembamba, mdomo wake ndani ya chupa ya soda,
spana namba kumi juu ya nati iliyozeeka.
"Kanyaga, Mama."
"Nimekanyaga."
"Shikilia." Nafungua robo.
Yakatoka mafuta meusi kama chai iliyosahauliwa motoni,
na ndani yake mapovu, mapovu,
yakikimbia kama wanafunzi kengele ikilia.
Nafunga. "Achia."
"Nimeachia."
Mafuta haya hunywa maji ya hewani,
mvua baada ya mvua, na hakuna anayeona;
siku ukiyahitaji mteremkoni, yanachemka,
chini ya wayo wako unabaki mvuke.

Nyuma kulia. Sauti yake imekaribia.
Kati ya kukanyaga na kuachia akauliza
kama mtoto ana masikio ya kwetu.
Nikasema, ya kwenu.
Akakohoa. Nadhani alicheka.

Mbele kushoto nikasahau kikopo.
Mafuta yakashuka chini ya mstari, hadi sakafu,
mabomba yakavuta upepo upya.
"Mbona mguu unaenda bure?"
"Tumerudi mwanzo, Mama. Kosa langu."
"Basi rudi. Mimi leo sina safari."

Gurudumu la nne liko chini ya mlango wake.
Kati yetu bati, unene wa chapati moja.
Upepo ukaichezea leso; nikafumba macho,
nikaitafuta nati kwa vidole, kama kipofu atafutaye kifungo.
Mikono ilitetemeka.
Labda ni saa tatu za kubana chuma. Labda ni baridi ya mafuta.
Sikuichunguza sana.
"Kanyaga."
Nikafungua, yakaja mapya, rangi ya asali changa,
bila povu hata moja. Nikafunga.
"Imekuwa jiwe," akasema, kabla sijauliza.
"Shikilia," nikasema, ingawa kazi ilikwisha.
Akashikilia.

Mlango ukagonga. Nilikuwa nimeshawapa mgongo,
yeye na gari lake, chupa ya uchafu mkononi,
nikielekea bondeni, jiko liliposema:
"Ukuta, mwambie huyo mtu
asimwage sumu yake kwenye migomba yangu.
Sahani yake iko juu ya jiwe, imefunikwa.
Na leso asiiondoe. Aihamishie kati ya viti.
Kesho nakwenda nao."