Yumo

Pale Halifaksi, mtaa wa matofali yaliyokula moshi,
baba yangu Wilfred Ackroyd alikuwa na chumba
kisichokuwamo kwenye ramani ya nyumba.
Mama alituzuia ngazini, kidole mdomoni:
"Yumo."
Hakusema yuko, hakusema yupo.
Yumo. Ndani ya mudi.
Kumbe alikaa nasi mezani,
uma wake ukikwaruza sahani,
nasi tukimeza viazi bila kutafuna.

Kiingereza chetu kina vijineno viwili
vya kutangulia majina, vidogo kama chembe za chumvi.
Weka kimoja mbele ya mudi, mtu amenuna.
Weka cha pili,
mtu huyohuyo anataka kucheza dansi.
Mama alikuwa wa hicho cha pili.
Jumamosi, klabuni kwa wafuma mazulia,
alivua viatu, akasema leo mudi anayo,
na baba, aliyeshinda kutwa katika ile nyingine,
akasimama, akamshikia koti.

Maonyeshoni, nikiwa na miaka tisa,
nilinunua pete inayogeuka rangi
kwa mudi ya mwenye kidole.
Kwangu kijani. Kwa mama buluu.
Kwa baba nyeusi tii.
"Imeharibika," mama akasema upesi.

Mwalimu Thwaite, chaki hadi kwenye nyusi,
alitufundisha kwamba hata vitenzi vina mudi:
kuna ya kuamuru, ya kutamani, ya kutia shaka.
Niliwaza nyumbani.
Baba alikuwa na moja tu:
Funga mlango. Zima taa. Kula.

Siku hizi neno linauzwa rejareja.
Taa ya mudi, paundi kumi na mbili, mwanga wa zambarau.
Redio inasema mudi ya soko ni mbaya,
kana kwamba soko nalo limegombana na mkewe.
Na wingu likikaa juu ya vilima, halinyeshi, haliondoki,
jirani yetu Edna huingiza nguo zake ndani:
"Mbingu ina mudi leo."
Huyo namwelewa.

Mama alifariki Februari.
Aprili nesi alimwekea baba fomu magotini:
"Mudi yako, Bwana Ackroyd, moja hadi kumi?"
Alitazama dirisha.
"Alhamisi," akajibu.

Binti yangu Keeley ana miaka kumi na mitano.
Kwao neno hilo ni sentensi nzima.
Jioni ile alikuwa na picha kwenye simu:
kondoo amelowa chepechepe,
kaweka kidevu juu ya ukuta wa mawe,
anaitazama mvua kama anayeidai.
"Mudi," Keeley akasema.
Yaani: huyu ni mimi.
Kisha, sijui kwa nini, akamgeuzia babu yake simu.

Baba akatafuta miwani. Akaikosa, ikawa kichwani.
Akamtazama yule kondoo
muda mrefu kuliko alivyolitazama kaburi.
"Mudi," akasema.

Halafu, kwa sauti ya mtu anayejaribu ufunguo
katika kitasa cha zamani:
"Angalikuwepo, angalicheka."

Vitenzi viwili.
Wala kimoja si amri.

Keeley akamsogelea kwenye kochi.
Mimi nikaenda kuchemsha chai,
nikaacha mlango wazi, baridi ikaingia.
Hakuniambia niufunge.