Damu ya Sharubati

Damu naipika mimi.
Sukari kilo nne, maji ya bitiruti,
kakao vijiko viwili isije ikawa nyekundu ya harusi.
Jiko lina mguu mmoja mfupi, nimeliwekea kipande cha tofali.
Nje ni Pernik, theluji yenye masizi,
na kiwanda cha vioo kilichomwachisha kazi babu yangu
tumekikodi siku kumi na moja
kwa bei ya pikipiki iliyochoka.

Filamu yenyewe unaijua hata nisipokusimulia.
Watu sita wasiojuana wanaamkia chumba kimoja.
Mlango wa chuma. Saa ukutani. Sauti kwenye spika:
Chagueni mmoja afe, ama mfe nyote.
Daktari, mjane, mwizi, mwanafunzi, mtawa,
na mwanamume mwenye siri. Huyo hakosi.

Spika tuliing'oa kwenye Lada ya mjomba wake Ognyan.
Mlango wa chuma ni ubao uliopakwa rangi ya fedha,
ukiubamiza kwa hasira unatetemeka kama shuka kambani.
Saa haina mashine:
mishale naisogeza mimi, kwa kidole, kati ya picha na picha.

Siku ya saba fedha zikakata.
Ognyan hakutumia spika.
Alikuja na kofia ameikunja mkononi, akasema,
Nina ujira wa watano.
Mmoja itabidi afe leo, kabla ya supu.
Mimi siwezi kumchagua. Chagueni.

Tukacheka.
Halafu Rumen akasema ana mapacha.
Nevena akasema kodi ya nyumba, akataja na kiasi.
Plamen akavua kofia tuone kipara:
nywele zake amezinyoa kwa ajili ya filamu hii, nani atamlipa nywele?
Na mjane, ambaye si mjane,
akatoa machozi yale yale
niliyoyatafuta siku tatu kwa kitunguu nisiyapate.

Zlatka, mtawa wetu, alikuwa anamenya mbegu za alizeti,
maganda anayatia mfukoni asichafue chumba.
Miaka sitini na mitatu. Mkata tiketi mstaafu.
Hakusema kitu,
nasi kimya chake tukakiita ridhaa.

Filamu inakosea hapo: inawataka wasiojuana.
Mgeni angemwonea haya mgeni.
Sisi tulikwisha kujuana.
Tulijua nyumba yake ina joto,
tulijua mwanawe yuko Ujerumani na hutuma pesa kila mwezi,
aliyatusimulia mwenyewe, usiku, akitugawia mkate wake wa jibini.
Kila alichotugawia kikawa sababu.

Vikaratasi sita, kisha cha saba, changu.
Na wewe ni mtu, wakaniambia.
Nilimwandika yeye
kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuniomba nisimwandike.

Kufa kwake tulikupiga picha mara moja tu, taa zilikuwa za kukodi.
Nikammiminia shingoni, bado ya vuguvugu.
Akalamba kidole. Jamu ya mama yangu, akasema, imepungua limau.
Kisha akafa,
polepole, bila kelele, macho yakitupitia mmoja mmoja
kama anakagua tiketi.
Ognyan alisahau kusema basta.

Akanawa kwenye ndoo, akawahi basi la saa kumi la kwenda Radomir
na doa la waridi nyuma ya sikio.
Niliona. Sikumwambia.

Juzi, mwaka umepita, simu yangu ikalia. Ujumbe wake:
mjukuu ana sherehe, watoto wanataka kuvaa vizuu,
ile damu yako unapikaje?

Nikamwandikia: sukari kilo nne, punguza kwa watoto.
Bitiruti. Kakao vijiko viwili. Limau, kama ulivyosema.
Nikaandika na mstari mwingine chini,
nikautazama,
nikaufuta.
Nikaongeza: koroga usiache, hushika sufuria.