Mlango wa Kushoto

Kesho mnunuzi anatoka Himo,
leo nimeamka na ndoo mbili:
ya povu, na ya kusuuzia,
maana kitambaa chenye mchanga ni msasa.
Naanza paani. Vumbi la Pasua linashuka,
na masizi ya miwa iliyochomwa juzi
yanachuruzika kama wanja wa aliyelia.

Nakausha. Napaka polishi, viduara vidogovidogo,
bega linawaka. Mama Elinami anachungulia ukutani:
“Hata harusini kwako hukung'aa hivyo!”

Mlango wa kushoto nimeuweka mwisho.
Hapo Aikande, miaka mitano, msumari mkononi,
alianza kuandika jina lake,
nikamfumania kwenye herufi ya nne.
AIKA.
Nilimchapa.
Mama yangu akanicheka, kwa Kichaga:
“Umempiga mtoto kwa kukushukuru?”

Nasugua. Herufi zinafifia, karibu ziondoke.
Kisha natia nta,
na nta inajaa kwenye mikwaruzo,
nyeupe; nusu ya jina
inasomeka kuliko jana.

Nampigia wa Himo: bei imebadilika.
“Imepanda au imeshuka?”
Nimesimama na kitambaa,
maji ya ndoo yametulia,
sina jibu.