Kikombe cha Bati

Usiniambie bia ina sheria.
Miaka kumi na minne nimesimama nyuma ya kaunta hii,
Tororo, mwamba ukitutazama kisogoni,
vumbi la saruji likitua juu ya vizibo,
na kila sheria niliyoisikia
nimeiona ikilewa, ikirudi nyumbani imeshikwa mkono.

Mwendanga, dereva wa lori kutoka Bukavu,
hutaka bia nyeusi na koka, chupa mbili, glasi moja.
Humimina polepole, jicho moja kalifumba,
mpaka povu liwe rangi ya matope ya Aprili.
"Uchungu mtupu," husema, "ninao wa kutosha barabarani."

Mjerumani wa mitambo ya kiwanda, Detlef, mwekundu kama tofali,
aliomba bia na soda ya ndimu, nusu kwa nusu.
Kwao, alisema, ndicho kinywaji cha mpanda baiskeli.
Kaunta ikapasuka kwa kicheko. Egesa akaweka chupa chini:
"Mzungu, mimi nimekanyaga pedeli Busia hii mpaka Busia ile
miaka tisa, gunia nyuma na mama wa mtu juu ya gunia,
sijamwona bado aliyetia sharubati kwenye bia."
Detlef hakuelewa. Akainua glasi yake ya manjano, akamtakia afya.

Muuguzi Amongin naye huchanganya kila Ijumaa
wala hapana anayegeuka.
Mwanamke akichanganya, ana adabu.
Mwanamume akichanganya, anaumwa, ameokoka, au kaoa juzi.

Na huko uani, kwenye chungu cha malwa,
wamekaa duara, kila mtu na mrija wake.
"Wanaharibu!" anafoka Etyang, mrija haujamtoka mdomoni.
"Pombe haichanganywi! Pombe ni pombe!"
Kisha, bila kuvuta pumzi: "Wewe, maji ya moto!"
Naleta birika, namimina chunguni
mara ya tatu, mara ya nne,
hadi ulezi umebaki jina tu.
Simwambii kitu. Birika nalo halisemi.

Baba yangu alikuwa mtu wa sheria kuwashinda wote.
Ikwap, mshika bendera wa reli, zama reli ilipokuwa na treni.
Bia, alisema, ni kama ishara: nyekundu ni nyekundu,
ukiichanganya na kijani watu watakufa.
Akaipenda hivyo, tupu, mpaka macho yakageuka manjano
na daktari wa misheni akaandika neno moja, ini,
akalipigia mstari mara mbili.

Akaanza kuja usiku, kwa mlango wa jikoni,
viti vikishapinduliwa juu ya meza.
Hakuitaja jina. "Nipe ile."
Nikampa kwenye kikombe cha bati, cha chai, chenye kovu mdomoni,
ili rangi isije ikamshtaki.
Nusu kwa nusu, mwanzoni. Kisha theluthi.
Kufikia mvua za Novemba ilikuwa soda ya ndimu
na kijiko kimoja cha povu juu, kama kofia ya kuazima.

Akanywa. Akapangusa masharubu.
Akakitazama kikombe muda mrefu,
kama mtu anayesikia garimoshi mahali palipong'olewa reli.
"Leo," akasema, "umenipa kali."
Akahesabu sarafu za bia nzima, moja moja,
akazisukuma upande wangu,
nami nikazipokea zote.