Kabla Hajajua

Tandahimba, uani, msimu wa korosho.
Mama anabangua, mimi najisomea mtihani.
Ganda likapasuka, mafuta yakaruka,
mkono ukachomoka.
"Yalaa!" ilikuja baadaye.

Nikamwambia, mama, hukuutoa wewe.
Habari ilipanda kwa neva hadi uti wa mgongo,
uti ukaamua hapo hapo,
haukungoja ruhusa ya ubongo.
Kichwani walipelekewa nakala tu,
ndipo ukapiga kelele.

Akacheka.
"Kumbe! Nami nikadhani mgongo huu
kazi yake kuni, na kuwabeba nyie."

Kisha akauliza: na hivi vidole je,
vitatu vya kulia,
vinavyookota korosho ya moto kama kokoto?
Kitabu kilikuwa na jibu, ukurasa ule ule:
miisho ya neva ikiungua sana hufa.
Sikumsomea.
Misimu thelathini. Ada yangu ya chuo imo humo.

Usiku homa ikanipanda.
Alikuja na tochi ya simu, akakaa kitandani.
Hakunigusa kwa vidole.
Aligeuza mkono,
akaniwekea mgongo wa kiganja kwenye paji,
akatulia kidogo.

"Huku," akasema, "bado kunasikia."